Mwalimu Ajibu: Pumzi za Nyali, Uzi Mwekundu na Kabala ya Mayahudi

Barua tatu za mwezi huu zinagongana mahali pamoja, kwenye Kabala, ile elimu ya siri ya Mayahudi, kwa hiyo nazijibu kwa kikao kimoja. Wenye maswali ya mirathi na mahari, vuteni subira.

Mwalimu, shikamoo. Mimi ni mhasibu katika hoteli moja ya Bamburi, Mkatoliki, mama wa watoto wawili. Shoga yangu alinipeleka kwenye kikao cha pumzi na ukimya kinachofanywa Jumamosi katika nyumba moja Nyali, karibu na ufuo. Tunalala mikekani, tunapumua kwa kasi huku ngoma ikilia, kisha tunanyamaza. Siku ya kwanza vidole vilikufa ganzi, nikaona mwanga, nikahisi marehemu mamangu yuko pembeni yangu, nikalia mpaka leso ikalowa. Sikuwahi kuhisi kupendwa namna ile, hata kanisani. Mwongozaji, mgeni kutoka Ulaya, alisema hicho ndicho walichokionja Mayahudi wa Kabala, Masufi na watakatifu wote, njia ni nyingi ila kilele ni kimoja. Sasa ametufunga uzi mwekundu mkononi na anaandikisha watu kwa mafunzo ya Kabala ya wikendi mbili. Ada yake inakaribia nusu ya mshahara wangu. Mama mkwe anasema nimeingiliwa na shetani. Je, ni kweli kitu hicho ni kimoja? Na nilipe?
*Mama Wawili, Bamburi*

Marahaba, mwanangu. La pesa ndilo jepesi, basi tulimalize: usilipe. Sababu utaziona tukienda.

La shetani nalo nalipita mbio. Mtu akipumua kwa kasi kwa muda mrefu hutoa hewa ya kaboni dayoksaidi kupita kiasi, mishipa ya damu ya ubongo ikabana, kichwa kikawa chepesi na vidole vikafa ganzi. Daktari yeyote atakueleza hayo bila kutaja jini. Mwenye kifafa, ugonjwa wa moyo au mimba asithubutu. Lakini kujua mwili ulifanya nini hakunipi mimi ruhusa ya kukuambia kwamba mamako hakuwapo. Machozi hayo ni yako, na sitakunyang'anya.

Hiyo njia ya pumzi na ngoma ina wazazi wanaojulikana. Stanislav Grof, daktari wa akili aliyezaliwa Prague, alikuwa akiichunguza LSD, dawa inayomletea mtu maono. Sheria ilipoibana dawa hiyo, katika miaka ya 1970 yeye na mkewe Christina wakabuni upumuaji wa kasi unaosindikizwa na muziki mzito, pale Esalen, kituo kilichofunguliwa mwaka 1962 kwenye pwani ya California. Nyuma yao yuko babu yao, William James wa chuo kikuu cha Harvard, aliyetoa mihadhara Edinburgh mwaka 1901 na 1902. James aliamua kuichunguza dini kwa yale mtu anayoyahisi na kuyatenda akiwa peke yake, akaziweka kando taasisi na itikadi zake. Hali kama yako aliipa alama nne: haielezeki, humwachia mtu yakini kwamba amejua jambo, haidumu, na humjia mtu akiwa kama aliyeshikwa. Isome tena barua yako. Zote nne zimo. Mwongozaji wenu ni mjukuu wa James, ajue asijue, na hakuna aibu katika ukoo huo. Aibu ni kujipa ukoo usio wake.

Maana Kabala ina kwao. Mayahudi walipofukuzwa Uhispania mwaka 1492, baadhi ya watu wao na vizazi vyao waliishia Safed, mji wa mlimani huko Galilaya, uliokuja kuwa chini ya Waturuki wa Uthmaniya. Hapo aliishi Joseph Karo, mwandishi wa kitabu cha sheria kilichochapwa Venice mwaka 1565, ambacho Mayahudi washika dini hukirejea mpaka leo katika mambo ya nyama, ndoa na Sabato. Mtu huyo huyo, usiku, alijiwa na sauti ya malaika akiwa katikati ya masomo yake, na akaweka shajara ya maneno iliyomwambia. Kadhi na mwenye kufunuliwa katika kilemba kimoja! Mara nyingi ile sauti ilimkemea: amelala sana, amekula sana, hajasoma vya kutosha. Sijui kama wateja wa Nyali wangelipia malaika wa namna hiyo.

Kisha mwaka 1570 akafika Isaac Luria kutoka Misri. Alikaa Safed miaka miwili tu, tauni ikamuua mwaka 1572 akiwa na umri wa miaka 38. Mwenyewe hakuandika ila kidogo sana, na mafundisho yake tunayapata kwa mwanafunzi wake Hayyim Vital. Luria alifundisha kwamba Mungu asiye na mwisho alijibana ili pawe na nafasi ya ulimwengu. Nuru ikamiminwa katika vyombo, vingine havikuistahimili, vikavunjika. Cheche zikaanguka, zikanaswa ndani ya kila kitu, hata mkate, hata jiwe la kizingiti. Kazi ya Myahudi ni kuzinyanyua zirudi kwao. Na hazinyanyuliwi kwa kulala mkekani. Zinanyanyuliwa kwa kubariki chakula kabla ya kukila, kwa sala na nia zake, kwa kuishika Sabato, kwa kumlipa kibarua ujira wake kabla jua halijatua kama Taurati ilivyoamuru.

Hapo ndipo njia zinapoachana, mwanangu. Wewe ulitoka kikaoni ukijiuliza umehisi nini. Mwanafunzi wa Luria alitoka kwenye sala akiamini kwamba kuna kitu kimetengenezeka huko juu, ahisi asihisi. Siku moyo wake ulipokuwa mkavu kabisa, sala ilikuwa bado ni wajibu na bado ilikuwa na kazi. Gershom Scholem, mwanachuoni wa Yerusalemu aliyefariki mwaka 1982, mtu aliyeufanya utafiti wa Kabala kuwa elimu ya chuo kikuu, aligundua kwamba Mayahudi hawa kwa kawaida waliona haya kusimulia hali zao wenyewe. Waliandika kurasa kwa kurasa juu ya Mungu na sefiroti zake 10, yaani daraja ambazo kwazo Mungu anajidhihirisha, na juu ya nafsi zao mistari miwili mitatu. Wapo waliovunja haya hiyo, kama Karo na Vital na shajara zao, lakini kawaida ilikuwa hiyo.

Najua utaniuliza: je, hawakuwa na mbinu za kuita hali? Walikuwa nazo. Abraham Abulafia, aliyezaliwa Zaragoza mwaka 1240, alimfundisha mwanafunzi kuvaa nguo nyeupe, kuwasha taa nyingi usiku, kuchukua kalamu na kuzipindua herufi za jina la Mungu, kisha kuzitamka kwa mpango maalum wa pumzi na mwendo wa kichwa mpaka mwili utetemeke. Huyo kweli angekaa Nyali akaelewa kinachoendelea. Moshe Idel, mtafiti aliyekuja baada ya Scholem, amesisitiza mno kwamba upande huu wa vitendo ulipuuzwa, na nadhani ana haki. Ila hata Abulafia alikuwa amebeba Taurati kichwani na falsafa ya Maimonides, mwanachuoni mkubwa wa Kiyahudi, mkononi, na bado rabi mkubwa wa Barcelona, Solomon ibn Adret, alimkemea hadharani. Mwaka 1280 Abulafia alifunga safari ili aonane na Papa Nicholas III, na Papa akafa kabla hawajaonana. Mtu wa mikasa.

Swali lako la kitu kimoja limewagombanisha wasomi pia. Mwaka 1978 Steven Katz aliandika kwamba hakuna onjo tupu. Myahudi huonja kilichoandaliwa na Uyahudi wake, Mbudha na Ubudha wake. Robert Forman na wenzake wakamjibu mwaka 1990 kwamba ipo hali ya ufahamu isiyo na picha wala maneno, nayo haijui dini. Mimi niko karibu zaidi na Katz. Mtu hulia arusini na hulia matangani, na machozi ni yale yale ya chumvi, lakini ukimwambia mfiwa kwamba yuko arusini atakushangaa. Tazama mwenyewe: ulimwona mamako. Hukuona sefiroti.

Marehemu babangu alikuwa mtu wa dhikri ya Kadiria hapa Mji wa Kale, na sisi wasichana tulikuwa tukichungulia dirishani usiku wa kuamkia Ijumaa. Mara moja ami yangu alipandwa na jazba, akaanguka akitetemeka. Khalifa akaashiria afunikwe shuka, halaka ikaendelea. Asubuhi khalifa akapita nyumbani kunywa kahawa. Hakumuuliza ami ameona nini. Alimuuliza kama aliwahi sala ya alfajiri, na kama yule seremala aliyemtengenezea mlango ameshalipwa. Ami hakuwa amemlipa.

Swali la khalifa lina ndugu zake kwa Mayahudi. Karne ya 18 huko Ulaya Mashariki, wafuasi wa Baal Shem Tov, mwalimu wa Kiyahudi aliyefariki mwaka 1760, waliileta jazba katikati ya dini. Waliimba nyimbo zisizo na maneno, wakacheza, wakaombea porini. Nachman wa Breslov aliwaambia watu watoke nje peke yao wazungumze na Mungu kwa lugha ya nyumbani kwao. Raha tupu! Lakini si miaka mingi baadaye, Dov Ber wa Lubavitch, mtu wa kundi hilo hilo, alikaa akaandika kitabu kizima cha kupambanua jazba na jazba. Alisema iko ile ya makelele ya moyo wa nyama, ambayo mtu ndani yake anajihisi mwenyewe anavyohisi, na iko ile inayomjia mtu aliyejisahau. Mwongozaji wenu, je, ana kipimo chochote cha hivyo? Mtu anaweza kutoka kwake akaambiwa, "Hapana, hili lako si lolote, rudi kazini"? Kama hawezi, basi anachouza ni onjo, na mnunuzi ndiye hakimu. Jon Kabat-Zinn alifanya jambo linalokaribiana na hilo kwa uwazi: mwaka 1979, katika hospitali ya chuo kikuu cha Massachusetts, alichukua mazoezi ya utulivu ya Wabudha akayafanya mafunzo ya wiki kadhaa kwa wenye maumivu na msongo wa mawazo. Huyo simgombi. Hakumwambia mgonjwa wa mgongo kwamba amefika kwa manabii.

Nisiwaonee lakini wa kisasa, maana wamo Mayahudi pia. Vijana wao wa Marekani walipoanza kukimbilia Uhindini na Japani kutafuta utulivu, marabi kama Zalman Schachter-Shalomi na Aryeh Kaplan walifungua masanduku ya kale, wakawaonyesha kwamba kutafakari kuko nyumbani. Schachter-Shalomi alikaa na Masufi pia, akashiriki dhikri yao. Kwa hiyo ukuta una mlango. Anayepita humo anapaswa kujua ametoka chumba gani.

Uzi mwekundu? Ni desturi ya watu wa kawaida, mara nyingi huhusishwa na kaburi la Raheli huko Bethlehemu. Upo mkusanyo wa kale wa marabi uitwao Tosefta unaotaja kufunga uzi mwekundu kidoleni miongoni mwa mila za kipagani za kuepukwa. Ukikupendeza, uvae kama pambo, unaendana na leso nyingi. Na wikendi mbili za Kabala ni mzaha. Kitabu chao kikuu, Zohar, kilichojitokeza Castile mwishoni mwa karne ya 13, kimeandikwa Kiaramu, na kila ukurasa unadhani msomaji tayari ana Taurati moyoni.

Kama kile kikao cha Jumamosi unakimudu na kinakutuliza, endelea nacho kwa jina lake halisi. Lile la mamako lipeleke kwa padri wako, umwombe mafungo ya kimya. Kanisa lenu lina Teresa wa Avila, aliyeishi wakati mmoja na Luria na ambaye babu yake alikuwa Myahudi aliyebatizwa. Naye maono aliyapima kwa unyenyekevu na matendo yanayofuata. Umeniandikia mengi juu ya mwanga, na juu ya mama mkwe mstari mmoja tu. Niandikie tena, uniambie tangu siku ile mnazungumza vipi.

Mwalimu, nasoma uhandisi chuo kikuu hapa Tudor. Nimeona intanetini kwamba Kabala haifunzwi mtu kabla ya miaka 40, na awe mwanamume mwenye mke. Mambo ya kisasa yako wazi kwa kila mtu, hata mimi wa miaka 21. Si ndiyo haki?
*Kijana wa Tudor*

Ukisikia sharti la umri, uliza liliwekwa lini na nani alikuwa ameunguza nyumba. Mwaka 1665 Shabbetai Tzvi wa Izmir alitangazwa kuwa Masihi, na Nathan wa Gaza akamjengea hoja kwa Kabala ya Luria. Jamii za Kiyahudi kutoka Yemen hadi Amsterdam zilipagawa, watu wakauza mali wakijiandaa kwa safari ya Yerusalemu. Mwaka 1666 Sultani wa Uthmaniya akampa achague kifo au Uislamu, naye akavaa kilemba. Miaka 90 baadaye kundi la Jacob Frank likafufua moto ule Poland, na hapo ndipo marabi waliokutana Brody mwaka 1756 wakapiga marufuku: Zohar si kabla ya miaka 30, maandishi ya Luria si kabla ya 40. Luria mwenyewe alikufa na 38! Na mwalimu aliyemtangulia Safed, Moses Cordovero, aliandika kitabu chake kikubwa hajafika 30.

Tahadhari yenyewe ni ya zamani zaidi. Talmudi, mkusanyo mkuu wa mafundisho ya marabi, inasimulia wanne walioingia bustanini: Ben Azzai alitazama akafa, Ben Zoma alitazama akarukwa na akili, wa tatu, Elisha ben Abuya, akaiacha dini, na Rabi Akiva peke yake akatoka salama. Sijui wangapi wametoka salama katika vikao vya pumzi, maana wanaovuma ni wale wa ushuhuda mzuri.

La haki, kijana, unazungumza na mwanamke aliyeisikia dhikri kutoka dirishani. Sitakuambia kwamba mlango uliofungwa ulifungwa kwa busara siku zote. Wanawake walifungiwa bila kosa la Shabbetai wala la Frank. Lakini sikubali pia kwamba mlango ukiwa wazi basi ndani hamna shimo. Una miaka 21, jifunze Kiebrania kwanza kama una hamu ya kweli, mwaka mmoja au miwili, halafu uniambie kama hamu ingalipo.

Salamu alaikum Mwalimu. Mimi ni mzee wa Kuze. Mjukuu wangu amenionyesha kwenye simu kwamba Mayahudi wa Kabala hugeuza herufi kuwa hesabu. Hayo si mageni kwetu, walimu wetu wa falaki walikuwa nayo wakiandika hirizi na kombe. Nani kamwiga nani?
*Mzee wa Kuze*

Waalaikumu salamu, mzee wangu. Kila aliyepanda matatu za mji huu ameiona 786 kiooni, na wengi wanajua ni hesabu ya Bismillahi kwa abjadi. Mayahudi nao wana yao. Kwa Kiebrania hesabu ya "mmoja" ni 13, ya "upendo" ni 13, ukizijumlisha ni 26, na 26 ndiyo hesabu ya jina la Mungu lenye herufi nne. Kwa Myahudi wa Kabala hilo halikuwa fumbo la kupitishia jioni, lilikuwa ushahidi wa namna ulimwengu ulivyoshonwa. Abjadi yetu haifuati alif, ba, ta ya chuoni, inafuata alif, ba, jim, dal, mpangilio ule ule wa Kiebrania na Kiaramu. Hivyo ni urithi wa majirani, na hata Wagiriki walihesabu kwa herufi. Sioni mwizi hapo.

Ukitaka kuona aliyechukua kwa mwenzake na akakiri, yuko Misri. Abraham, mwana wa Maimonides, kiongozi wa Mayahudi wa Misri aliyefariki mwaka 1237, aliwasifu Masufi hadharani. Alisema desturi zao ni za manabii wa Israeli ambazo Mayahudi wenyewe wamezipoteza. Akaingiza sijda katika sala, kuosha miguu na kukaa kwa safu. Wapinzani wake wakamshtaki kwa watawala Waislamu kwamba analeta uzushi katika Uyahudi. Hebu fikiri, mzee: Myahudi anashtakiwa kwa Mwislamu kwa kosa la kusujudu!

Hirizi nazo ziliwaletea fitina ambayo sisi tunaijua vizuri. Jonathan Eybeschütz, rabi mashuhuri, alikuwa akiwaandikia hirizi wanawake wajawazito, huko Metz kisha Altona. Mwaka 1751 rabi mwenzake Jacob Emden alidai kwamba hirizi hizo, zikisomwa kwa ufunguo wa herufi, zinamtaja Shabbetai Tzvi. Zikafunguliwa, zikanakiliwa, marabi wa Ulaya wakagawanyika makundi mawili na kulaaniana kwa miaka. Eybeschütz alikana, na alikufa akiwa bado na cheo chake. Mafundi wetu wa hirizi nao hawazishonei ngozi bure.